Kakakuona wa Ethel

Siku tuliyomzika mke wangu Ethel, Barnaba aliingia kaburini na viatu vyake, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe chake.

Sikumkasirikia. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu wazee wetu wakiwa bado Newala, kule Mkunya, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo. Awachekeshe watu wasioweza kucheka, aseme ambalo wengine hawasemi, achukue atakacho, na mfiwa asinune. Angeingia mtu mwingine mle shimoni ningemtoa kwa jembe.

"Shemeji alipata mume mvivu," alisema kutoka chini. "Mimi ndiye niliyekuwa nimwoe, huyu akaniwahi kwa sababu alikuwa na baiskeli. Nipeni kitu cha kumkumbukia, la sivyo fukieni tu, mtatuzika wote wawili."

Wanawake wakampa kuku. Akakataa. Wakampa kitenge kipya, hata hakijakatwa. Akakataa. Akasema anataka kile kikopo.

Kikopo ni kopo la maziwa ya unga ambalo Ethel aliwekea kadi zake. Binti yangu Helena akalileta kutoka nyumbani mbio mbio, maana jua lilikuwa kali na padri alikuwa amesimama. Barnaba akalifungua palepale, akapekua kama mtu anayechagua mchele, akachomoa kadi moja, akaitia mfuko wa shati. "Huyu ananitosha," akasema. Akatoka, akajikung'uta udongo, tukazika.

Jioni Helena akazipanga kadi juu ya mkeka. Akazipanga tena. Kisha akaniangalia.

"Baba, kamchukua kakakuona."

Nikajua hapo kwamba Barnaba hakuja kaburini kutuchekesha.

Nieleze habari ya kadi, maana wapo wasiozikuta. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa. Kabla yake tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, tukaambiwa tufunge mikanda, nasi tukafunga. Halafu wakubwa walewale wakageuza maneno, wakasema ruksa, kila mtu auze na anunue apendavyo. Ghala la ushirika wetu hapa Lisekese likafungwa, korosho zetu zikawa za kubembelezea walanguzi, hospitali ikaanza kutuma watu duka la dawa wakajinunulie wenyewe, na Ethel wangu akafa tukiwa tumetumwa. Lakini biskuti zilikuwepo. Biskuti za kila aina. Ndivyo walivyotutendea, walituondolea ushirika wakatuletea biskuti.

Zilizopendwa zaidi ziliitwa Biskuti za Kengele, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na kadi. Upande mmoja kengele, upande wa pili mnyama, na chini yake namba tatu: uzito wake, mbio zake, na umri anaoishi. Wanyama walikuwa arobaini. Atakayewakusanya wote, kampuni ilisema, akiwapeleka kwenye gari lao litakapofika Masasi anapewa cherehani.

Ethel aliitaka cherehani ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumsikia akikitaka. Si kwa ajili yake. Helena alimaliza darasa la saba, jina la kwenda sekondari halikutoka, na sisi si watu wa kumjua mtu. "Huyu akipata cherehani," alikuwa akisema, "hatamwomba mtu nafasi."

Basi akakusanya. Biskuti zenyewe tulinunua kidogo, tulikuwa hatuna. Alibadilishana. Aliwajua wanawake wote wa kwaya walionunulia watoto biskuti, akajua nani ana sungura wawili na nani anamtafuta pofu, yule swala mkubwa. Alikuwa akibonyeza pakiti dukani, akidai anasikia kwa kidole kama kadi ya ndani imekaa chali au kifudifudi, wenye maduka wakamfukuza. Na alicheza. Watu wazima walicheza, msishangae, ghala limefungwa na korosho hazijaiva. Mnakaa kwenye baraza la ghala, mmoja anatoa kadi anasema, "Uzito." Mwenzake anatoa yake. Mwenye uzito mkubwa anazoa zote mbili, anaziweka kando zisichezwe tena, na ndiye anayetangulia. Ukiwa na twiga husemi mbio mbele ya duma. Hayo ndiyo yote, na Ethel aliweza kula kadi za walimu.

Kakakuona alikuwa na kanuni yake, na hiyo haikutoka kwa kampuni. Tuliitunga sisi. Kwenye kadi yao kakakuona ni mnyama hafifu tu, hana uzito wala mbio. Watu wakasema haiwezekani. Kakakuona akionekana kijijini si anapelekwa kwa wazee, anawekewa mbele yake maji na unga na panga, ili aonyeshe mwaka utakuwaje? Sasa vipi aliwe na ngiri? Basi ikawa hivi: ukimtoa kakakuona, namba hazisemwi. Mwenzako anakuwekea mbele kadi tatu kifudifudi, mbili za wala majani na moja ya mla nyama. Unachagua moja. Ukigusa mla majani, unazoa zote tatu. Ukigusa mla nyama, kakakuona anakwenda kwa mwenzako. Kama mwenzako hana tena wala majani anaweka alichonacho. Na akiwa amebakiwa na kadi pungufu ya tatu, hapo kakakuona anakuwa mnyama hafifu kama walivyomwandika.

Kakakuona alikuwa adimu sana. Ethel alimpata mwishoni kabisa, kitandani, kwa mtu wa Chiungutwa aliyekuja kumwona mgonjwa. Akabaki na mnyama mmoja tu wa kutafuta, naye alikuwa kifaru. Alipozikwa, kifaru akaletwa na wanakwaya, wakamweka ndani ya kopo kama rambirambi. Seti ilitimia siku ileile aliyoivunja Barnaba.

Sasa Barnaba. Alikuwa katibu wa ushirika wetu. Ushirika ulipokufa yeye hakufa nao. Alifungua duka upande wa pili wa barabara, na meza ya ofisi, ya mninga, yenye droo mbili, ikahamia dukani kwake ikawa ya kuwekea mizani. Biskuti za Kengele zilishushwa kwake. Katoni ilifunguliwa chumba cha ndani kabla pakiti hazijapangwa, na pakiti zake nyingi zilikuwa na mkunjo uliobandikwa upya. Kila kitu nchi hii hufunguliwa kwanza chumba cha ndani.

Lakini hata kwa kufungua hakumpata nyegere. Eneo letu lote nyegere alikuwa mmoja, wa Ethel, ambaye kadi yake ilikuwa imelegea pembe moja kwa kushikwashikwa. Nikaelewa. Barnaba ana wote isipokuwa nyegere. Mimi nina wote isipokuwa kakakuona. Kaburini alitaka kumchukua nyegere, bila shaka, akakosea? Nilimwuliza Helena.

"Nyegere sikumtia kwenye kopo," akasema. "Mama alikuwa naye chini ya mto. Alikuwa akimpenda."

Basi alipomkosa, akachukua kakakuona ili na mimi nisiwe na kitu.

Nilikwenda dukani kwake. Watu walikuwepo, Mama Yoeli alikuwa akipimiwa chumvi.

"Mtani," nikasema, "umekula vya ushirika, umemeza, hatukukutapisha. Sasa umeanza kula vya maiti."

Watu wakacheka. Ndivyo ilivyo kwa watani, unaweza kumwambia mtu ukweli wote mbele ya watu, na watu watacheka, na hakuna litakalotendeka.

"Karibu mjane wa kiume," akasema Barnaba. "Umekuja kuomba? Kitu alichochukua mtani msibani hakiombwi. Unataka tutukanwe na mababu?"

"Siombi. Nakuja kucheza."

Akaacha kupima. "Wewe? Wewe unajua kusoma namba?"

"Namba nazijua. Maneno ndiyo yaliyonishinda, kwa sababu wenye maneno mlikuwa wengi."

"Utaweka nini?"

"Nyegere."

Nilimwona alivyomeza mate. Tukapatana mbele ya Mama Yoeli: Jumapili baada ya misa, barazani pa ghala, kadi kumi kila mtu. Tisa atagawa Mama Yoeli kutoka rundo lililochanganywa, ya kumi mimi nyegere, yeye kakakuona. Atakayemkamata mnyama wa mwenzake ndiye mwenye seti. Gari la kampuni lilikuwa linakuja wiki hiyo hiyo.

Siku zilizobaki nilicheza na Helena kila nilipotoka shambani. Alinifunga mpaka nikaona aibu. "Baba, unatoa tembo haraka." "Baba, mbona unanuna, uso wako unasema una fisi." Sikuacha. Nilikuwa nikipalilia mihogo huku nikisema namba za wanyama kwa sauti, majirani wakadhani msiba umenipanda kichwani. Waacheni wadhani. Mke wangu alilala kitandani hana dawa, akawa anabadilisha sungura kwa pofu ili binti yake ashone. Mimi nishindwe kukariri mbio za ngiri?

Jumapili baraza lilijaa, waliotoka kanisani na waliotoka kwingine. Barnaba alikuja na suruali ya kitambaa cha tetroni na kiti chake mwenyewe. Mimi nilikaa chini. Mama Yoeli akachanganya kadi kwa mikono miwili kama anayepepeta, akagawa.

Nikaangalia zangu. Tembo, nyati, twiga, pofu, kongoni, nungunungu, digidigi. Chui. Mbwa mwitu. Na nyegere. Mkono mzuri, angesema mtu yeyote, una tembo na nyati. Kwangu mimi wenye thamani walikuwa watatu tu wa mwisho.

Nilishajua Barnaba atafanya nini. Kakakuona akitolewa mapema, mwenzako ana wala majani tele, una nafasi mbili kati ya tatu. Ni nafasi nzuri. Lakini mtu wa namna yake hatoi kitu akiwa na nafasi ya kukikosa. Atakikalia. Na wakati anakikalia, mimi nitamlisha majani.

"Uzito," akaanza, na kiboko.

Nikamtolea digidigi.

Watu wakaguna. "Bartholomayo, mbona unamtupa mtoto kwa kiboko?" Barnaba akazoa. "Mbio," akasema, na swala. Nikatoa nungunungu. Akazoa. Akasema umri, na mamba. Nikatoa kongoni.

"Jamani, mwoneeni huruma," akasema Barnaba. "Ethel alikuwa akimfichia hata chumvi asiimalize."

"Na wewe mkeo anakufichia funguo za majirani," nikasema. Vicheko.

Nikatoa pofu akaliwa na kifaru. Twiga akaliwa na duma, kwa mbio. Nyuma yangu nilimsikia Helena akivuta pumzi, maana sasa nilibaki na tembo na nyati na wale watatu, na Barnaba alisema, "Mbio," na punda milia.

Hapo palikuwa pagumu. Tembo hatoki kirahisi mkononi, vidole vinakataa. Nikamweka chini. Punda milia akamshinda tembo kwa mbio, watu wakapiga kelele kama mpira umeingia golini.

"Tembo!" Barnaba akamwinua juu kila mtu amwone. "Kanipa tembo! Mtani, nikufundishe kucheza au nikufundishe kulia?"

Mtu wa namna ile ukimpa tembo hahesabu tena. Akatangulia tena kwa mbio, na simba, nikampa nyati. Akazoa, akamweka juu ya tembo, akazipangapanga vizuri kwenye paja.

Tukabakiwa na kadi tatu tatu. Sasa ilikuwa lazima. Akimwacha kakakuona mpaka tuwe na mbili, ni mnyama hafifu, chui wangu atamla. Akaangalia kadi zake, akaniangalia mimi. Bila haraka akamweka kakakuona chini.

"Weka maji na unga, mtani," akasema. "Tuone mwaka wa nani."

Nikaziweka zangu tatu kifudifudi, kengele juu.

Mkono wake haukuhangaika hata kidogo. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kadi yenye pembe iliyolegea. Akaifunua. Nyegere.

Helena akapiga kofi moja la furaha. "Mla nyama! Kakakuona amekwenda!"

"Amekwenda wapi?" akasema Barnaba. Na hapo nikajua alimchagua akimjua. Alisimama, akashika ukosi wa shati, kama alivyokuwa akisimama kwenye mikutano. "Ndugu zangu, tuwe wakweli. Nyegere anakula nini? Kila mtu hapa anajua. Nyegere anakula asali. Asali inatoka wapi? Kwenye maua. Maua ni nini? Ni majani. Kwa hiyo nyegere ni mla majani, na nazoa zote tatu."

Baraza likalipuka. Wengine wakasema kweli, nyegere si ndiye mwizi wa mizinga. Wengine wakasema siyo. Mama Yoeli akasema hajui, yeye ni mgawaji tu. Barnaba alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono. Nilijua tangu nilipogawiwa kwamba nyegere ataletewa maneno, lakini sikuwa na mla nyama mwingine wa kuweka.

Nilisimama. Miaka mingi nimekaa chini kwenye mikutano ya yule mtu.

"Sawa," nikasema. "Mtani amesema kweli. Nyegere hali nyama."

"Baba!" akasema Helena.

"Tulia. Nyegere hali nyama, azoe zote. Ila kwanza mtani atujibu kidogo tu, maana yeye ana elimu. Ushirika wetu ulikuwa na mradi wa kuku. Tulichanga wote, kuku wa kisasa, banda la bati. Pasaka moja tukaamka banda tupu. Tukaitwa mkutanoni, palepale kwenye uwanja huo. Na katibu wetu akasimama, akashika ukosi wa shati hivihivi. Mama Yoeli, ulikuwepo. Katibu alisema kuku wameliwa na nani?"

Mama Yoeli akaanza kucheka kabla hajajibu. "Nyegere," akasema. "Alisema, 'Ndugu wanachama, ni nyegere.'"

"Manyoya alituonyesha?"

"Alisema nyegere hula mpaka manyoya!"

"Basi," nikasema. "Nyegere hali nyama. Sasa kuku wetu walikwenda wapi? Maana wiki ile ile mtani alimwoza binti yake, na pilau yake ilinukia mpaka njia ya Chiungutwa."

Sijawahi kusikia baraza lile likicheka namna ile. Walicheka wale waliochanga na waliokuwa bado hawajazaliwa. Lakini katikati ya kicheko mzee mmoja akasema kwa sauti kavu, "Jibu, katibu," na mwingine akasema, "Jibu," na kicheko kikawa kinapungua kila linaposemwa.

Barnaba akaangalia kadi. Akaangalia watu. Nilimwona akipima, kama anavyopima chumvi. Akakaa kitini.

"Nyegere," akasema polepole, "anakula nyama."

"Sauti, katibu. Nyuma hawasikii."

"Anakula nyama! Anakula kuku! Chukua kadi yako, uende!"

Nikamwinua kakakuona, nikampa Helena, naye akamtia kopo.

Gari la kampuni lilifika Masasi siku iliyosemwa, na hilo peke yake lilinishangaza. Kijana mwenye kofia yenye kengele akazihesabu kadi za Ethel, akaziangalia mbele na nyuma, akazitoboa katikati zote kwa kitoboleo ili zisiletwe tena. Nilitazama nyegere akitobolewa. Halafu akatukabidhi cherehani. Kichwa tu.

"Meza yake?"

"Meza hazikuja, mzee. Labda awamu nyingine."

Labda awamu nyingine. Maisha yangu yote ni awamu nyingine. Sikubishana naye. Tulifunga kichwa cha cherehani nyuma ya baiskeli, tukarudi Lisekese, na sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Barnaba.

"Shikamoo, baba," Helena akamwamkia.

"Marahaba, binti," akasema, huku akiniangalia mimi. Nilikuwa nimeanza kushusha vitu. Mizani nikaweka chini. Katoni za biskuti nikaweka chini. Kopo la peremende nikaweka chini.

"Unafanya nini?"

"Nimeipenda meza hii, mtani. Naichukua."

"Hiyo ni meza ya..." akaishia hapo, kwa sababu Mama Yoeli alikuwa mlangoni na wenzake wawili, na wote walikuwa wanamsubiri amalize sentensi.

"Ni ya nani?" nikamwuliza. "Sema tu. Ikiwa ni ya ushirika nitairudisha kwa wanachama. Ikiwa ni yako, mimi ni mtani wako na leo nimekuja kuchukua. Na wewe huruhusiwi kununa."

Aliwaangalia wale watatu mlangoni. Kisha akavuta droo ya kulia, akatoa kisu na funguo zake, akaifunga tena.

"Droo ya kushoto inakwama," akasema. "Ipake sabuni."

Tuliibeba, Helena mbele, mimi nyuma, katikati ya barabara ya Lisekese mchana kweupe, kila mtu aone. Ilikuwa nzito. Mninga ni mzito. Niligoma kupumzika mpaka tulipofika mlangoni kwetu, na hapo tukaiweka karibu na dirisha, panapoingia mwanga. Nilitoboa ubao siku hiyohiyo, nikafunga kichwa kwa misumari mirefu na mpira wa tairi, kikatulia. Ni cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Droo ya kushoto niliipaka sabuni.

Helena akauliza aanze na nini. Nikampa kile kitenge Barnaba alichokikataa kaburini.